Mteja akikuambia "tutumie sampuli"

Najua nimenyamaza muda mrefu, na wawili watatu kati yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. La, sijaacha. Ni kwamba huku kwetu Ekerenyo mvua inanyesha karibu kila alasiri msimu huu, na ikianza tu kupiga mabati, stima hupotea hata kabla kuku hawajaingia ndani. Leo tarakilishi ina chaji ya kutosha, mawingu bado yako mbali, na nina kisa ambacho nimekiahirisha zaidi ya mwaka mzima kwa sababu kinanitia aibu. Nimeona bora nikitoe, huenda kikamsaidia mmoja wenu asiangukie shimo nililoangukia mimi.

Swali lenyewe ni hili: mteja ambaye hajawahi kukuona akikuandikia, "Tutumie sampuli 3 za maandishi yako ya kiufundi," utamtumia nini?

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtunga programu. Nilisomea sayansi ya tarakilishi chuo kikuu, nikafanya kazi Nairobi miaka 3, halafu mwaka 2023 kampuni ikapunguza watu na mimi nikiwa mmoja wao. Kodi ya nyumba Nairobi haimsubiri mtu, kwa hiyo nikafunga virago nikarudi nyumbani. Hapa nyumbani kuna chai ya kuchuma, kuna ndizi, na kuna mama yangu ambaye anameza dawa za presha kila siku. Nilikuwa na akiba ya miezi 2. Nawaambieni hivi ili mjue nilikuwa na haraka kiasi gani, maana haraka ndiyo iliyoniponza.

Kazi za kutunga programu zilikuwa haba, lakini nikagundua kuna kazi jirani ambayo wengi wetu hatuijali: kuandika maelezo ya programu. Mtu ametengeneza programu nzuri, lakini hakuna anayejua kuitumia. Anahitaji mwongozo wa mtumiaji, maelezo ya kusakinisha, na maelezo ya API, yaani ule mlango ambao programu moja hubisha ili iombe huduma kutoka kwa programu nyingine. Watunga programu wengi huichukia kazi hii kama mtoto anavyochukia kuosha sufuria. Mimi sikuichukia. Kule Nairobi nilikuwa nimeandika mamia ya kurasa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka.

Basi nikapata mteja. Kampuni ya ng'ambo, inashughulika na malipo ya mtandaoni. Wakasema wamependa barua yangu, sasa niwatumie sampuli.

Nikafungua tarakilishi yangu... na hapo ndipo nikashtuka. Miaka 3 ya kuandika, mamia ya kurasa, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokuwa wangu! Vyote nilikuwa nimeandikia kampuni, na mkataba niliotia sahihi ulisema wazi kwamba mambo ya ndani yabaki ndani.

Nikakaa nayo usiku mmoja. Kulikuwa na mwongozo mmoja wa kurasa 40 ambao nilijivunia sana. Nikajiambia, nikifunika majina hakuna atakayejua. Nikachora visanduku vyeusi juu ya kila mahali palipotajwa jina la kampuni na wateja wake, nikahifadhi kama PDF, nikatuma. Nikalala vizuri kabisa.

Jibu lilikuja siku ya pili, na lilikuwa fupi. Waliweka kipanya juu ya kisanduku cheusi, wakanakili, wakabandika kwenye ukurasa mtupu. Jina likatokea. Walinitajia lile jina. Kisha wakauliza: "Ukitufanyia kazi sisi, maandishi yetu utakuja kumtumia nani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kwa wale ambao hamjui kilichotokea, hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hili ni jambo la kiufundi na linawakuta hata wakubwa. Faili ya PDF si picha. Ndani yake maneno yamehifadhiwa kama maneno, na ukichora kisanduku cheusi umeongeza tu kitu kingine juu yake. Ni kama kufunika barua kwa jani la mgomba: barua bado iko pale chini, anayetaka ataliinua jani. Mwezi Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, yule aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye visanduku vyeusi vya namna hiyohiyo, na waandishi wa habari wakanakili na kubandika wakasoma kila kitu. Na si PDF pekee. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilichapisha kwenye wavuti ripoti kuhusu Iraki ikiwa faili ya Word, na ndani ya faili ile watu wakakuta historia yenye majina ya watumishi wa serikali walioishughulikia. Faili hubeba mambo ambayo macho yako hayayaoni: jina la aliyeianzisha, jina la kampuni, wakati mwingine hata maneno uliyodhani umeyafuta.

Kwa hiyo dawa ni kujifunza kuficha vizuri zaidi? Nilidhani hivyo kwa siku 2 hivi. Halafu nikalisoma tena lile swali lao, nikaona kwamba hawakuwa wakilalamika kuhusu visanduku. Hata kama ningeficha kwa ustadi wa jasusi, kitu chenyewe hakikuwa changu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoitunga ukiwa umeajiriwa, haki yake inahamia kwa mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kumbe nilikuwa nimempelekea mtu kikapu cha chai ya jirani ili anisifu kwamba najua kuchuma!

Nikafanya jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kuandika kurasa 40. Nikampigia simu mkubwa wangu wa zamani, nikamweleza nilichofanya. Akanyamaza. Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniuliza?" Akaniambia kwamba mwongozo mwingine niliouandika ulikuwa tayari uko kwenye tovuti yao, wazi kwa yeyote, na ningeweza kuuelekeza mteja pale bila dhambi yoyote. Akanitaka niifute ile faili na niwaandikie wale wa ng'ambo waifute pia. Nikafanya. Hakunishtaki, lakini tangu siku ile hajanipigia simu, na zamani tulikuwa tukipigiana.

Haya. Mteja amekwenda, akiba inaisha. Nikachuma chai na mama kwa miezi kadhaa, na jioni nikawa natengeneza vijiprogramu vya hapa na pale.

Kimoja kilikuwa cha chama cha mama mdogo. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama 23 hapa kijijini, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Daftari lake lilikuwa limelowa mvua mara moja na ugomvi uliofuata haukuwa mdogo. Nikamtengenezea programu ya simu: anaandika nani ametoa, nani amekopa, nani anadaiwa. Hakuna cha ajabu ndani yake. Kazi kubwa ikawa kumwandikia mwongozo.

Niliuandika kwa Kiswahili, kurasa 4, nikaona umenyooka. Nikampelekea jikoni, nikamwambia, "Mama mdogo, fuata haya maelezo, mimi nakaa kimya." Akafika hatua ya 3, iliyosema "Bonyeza kitufe cha kuhifadhi." Akasimama. "Nihifadhi nini, mwanangu? Pesa ziko kwa mfuko wangu." Nilitaka kumweleza kwa mdomo, nikajizuia, maana mwongozo hauji na mdomo wa mwandishi. Nikaandika upya: "Ukiona jina na kiasi viko sawa, bonyeza Weka kwenye daftari." Akapita bila kusimama.

Lakini funzo kubwa lilitoka kwa fomu. Kabla ya kuanza, kila mwanachama alijaza karatasi yenye jina lake, nambari ya simu, na jina la baba, kwa sababu hapa kijijini wanawake wengi wana majina yanayofanana. Karatasi ziliporudi, nikaanza kuziingiza kwenye programu. Kufika katikati nikaona ajabu. Wanachama 4, wote wakongwe, mmoja wao nyanya yangu mwenyewe, walikuwa wameandikiwa majina ya wanawake pale penye "Jina la baba". Nikadhani ni mzaha.

Nikamwendea nyanya. Akanitazama kama mtu aliyesoma mpaka akapitiliza. Alikuwa amesomewa fomu na mtoto wa shule, mtoto akasoma "Jina la baba", naye akatoa jina la baba yake kama alivyoulizwa. Wale ambao si wa kwetu labda hamjui: kwa Ekegusii, baba ni mama! Baba mzazi tunamwita tata. Kwa Kiswahili swali lilikuwa sahihi, kwa Ekegusii jibu lilikuwa sahihi, na kwenye programu yangu kila kitu kilikuwa makosa. Mimi nimezaliwa na lugha zote 2 na sikuliona, kwa sababu nilipoandika nilikuwa na msomaji mmoja tu kichwani, na huyo msomaji alikuwa mimi.

Nikabadilisha. Fomu mpya ikasema "Jina la baba mzazi (tata)". Nikaongeza mstari mmoja kwenye mwongozo wa mama mdogo, kwamba mwanachama mzee akisomewa fomu, aulizwe kwa Ekegusii. Makosa yakaisha.

Miezi michache baadaye, mwaka 2024, nikapata mteja wa pili. Kampuni nyingine, ya ng'ambo pia, na ombi ni lilelile: sampuli 3. Safari hii niliketi nikafikiri kabla ya kugusa kipanya.

Sampuli ya kwanza niliamua iwe ya API, kwa sababu ndiyo kazi waliyokuwa wakitafuta. Safaricom ilifungua Daraja, API yake ya M-Pesa, mwaka 2017, na mtu yeyote anaweza kujisajili na kutumia mazingira ya majaribio. Sikunakili maelezo yao, ambayo yapo kwa kila mtu. Nilichagua mahali pamoja ambapo nimeona wanaoanza wakiteleza, nikaandikia kurasa 2 tu. Ni pale unapotuma ombi la kumfanya mteja aone kwenye simu yake kile kisanduku cha kuweka PIN. Ukituma, unajibiwa papo hapo na nambari 0. Anayeanza anaona 0, anafurahi, anampa mteja bidhaa. Kumbe 0 hiyo ina maana tu kwamba ombi limepokelewa! Habari ya malipo yenyewe huja baadaye, kwa anwani uliyoitoa, na huko ndiko unakotazama: 0 ya pili ni kwamba pesa zimelipwa, 1032 ni kwamba mwenye simu ameghairi. Duka linalochanganya sufuri hizo 2 litagawa mali bure mpaka lifunge. Nikaandika hivyo, nikaonyesha majibu yote, na nikaeleza la kufanya ikiwa jibu la pili halikuja kabisa.

Sampuli ya pili ilikuwa ukurasa wa maelezo ya kusakinisha ambao nilikuwa nimeuchangia kwenye mradi mmoja wa programu huria. Uzuri wa programu huria ni kwamba kila kitu kiko wazi kwenye GitHub: nilichoandika, waliponisahihisha, na nilivyojibu. Nilisita kidogo, maana walinisahihisha mara 4, na moja ya hizo nilikuwa nimekosea vibaya. Nikaiacha hivyohivyo. Anayeajiri mwandishi anataka kujua pia atafanya nini akiambiwa amekosea.

Ya tatu... nilikuwa na kurasa 4 za chama cha Ekerenyo. Nawaambia ukweli, niliziona haya. Kampuni ya kimataifa, na mimi nawapelekea mambo ya akina mama wa kijijini na shilingi 200? Lakini ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo ambayo watu wa kweli waliitumia nikiwa nawatazama. Nikaamua kuipeleka, ila kwanza nikafanya nililopaswa kufanya mara ya kwanza: nikaomba ruhusa. Nilikwenda kwenye mkutano wao, nikawaeleza ninataka kumwonyesha nani, na kwa nini. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data hapa Kenya, lakini hata bila sheria, yale ni majina yao na madeni yao. Nikawaahidi kwamba picha zote za programu nitazipiga upya kwa majina ya kubuni na nambari za simu zisizo za mtu. Wakacheka, wakakubali, wakanitoza soda kwa watu 23. Nikalipa.

Nikautafsiri mwongozo kwa Kiingereza, nikaweka toleo la kwanza na la mwisho kando kwa kando, na chini yake nikaeleza kwa mistari michache tu nilibadilisha nini na nani alinifanya nibadilishe.

Siku ya mahojiano stima haikuwepo, bila shaka. Nilitumia intaneti ya simu, nimekaa karibu na dirisha la jikoni ambako mtandao hushika vizuri, na mama amefukuza kuku wote kwa ajili yangu. Mama aliyenihoji aliuliza swali moja tu kuhusu M-Pesa, akaruka ya pili, kisha akakaa kwenye ile ya chama karibu nusu saa. Nilijuaje kwamba wale 4 walikosea? Nilimwuliza nani? Kwa nini sikufundisha watu maana ya neno badala ya kubadilisha neno? Nikamwambia nyanya yangu ana umri wa kutosha kukataa kufundishwa jina la mama yake. Akacheka. Akasema wateja wao wako nchi nyingi, na neno moja lisiloeleweka huwaletea malalamiko kutwa nzima.

Walinipa kazi ya majaribio ya wiki 2, kwa malipo. Malipo yalikuwa chini ya niliyoomba, sitawadanganya. Baada ya hapo tukaandikiana mkataba, na nimekuwa nao mpaka sasa. Na kabla ya kutia sahihi niliuliza swali ambalo zamani sikujua kuliuliza: kati ya nitakayowaandikia, yapi nitaruhusiwa kuwaonyesha wengine siku moja? Wakaandika jibu ndani ya mkataba. Mistari 2 tu.

Basi nikijumlisha, kwa yeyote anayetaka kuingia kazi hii, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Usitume usichomiliki wala kuruhusiwa. Ukitaka kutumia kazi ya zamani, piga simu uulize. Pengine sehemu yake iko wazi tayari na hujui.

2. Kama huna sampuli, tengeneza. API nyingi zina mazingira ya majaribio ya bure, na programu huria zina kurasa za maelezo zinazolilia mtu wa kuzirekebisha. Chagua jambo dogo, ulieleze mpaka mwisho, pamoja na yanayoharibika. Kurasa 2 zinatosha.

3. Mpe mtu afuate ulichoandika, kisha nyamaza. Pale anaposimama ndipo kazi yako ilipo.

4. Mwambie mteja sampuli iliandikwa kwa ajili ya nani na ilibadilika vipi. Kurasa safi zisizo na historia hazimwambii kama uliandika au ulinakili.

5. Majina ya watu wa kweli yaondoe kwa kuyafuta na kuandika mengine, kisha tengeneza faili upya. Kisanduku cheusi si kufuta!

Ninaposema haya najua wengine wenu mko Nairobi, Mwanza, hata Muscat, mnaona Ekerenyo ni mbali na mambo ya teknolojia. Hata mimi niliona hivyo. Lakini zile kurasa 40 za Nairobi ndizo zilizonikosesha kazi, na zile 4 za jikoni kwa mama mdogo ndizo zinazonunua dawa za mama.

Naona wingu limefika juu ya kilima. Wacha nichapishe kabla stima haijapotea. Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda.